Kodi ya tiketi za ndege inatuhusu nini sisi wa Lukuledi?

Wasikilizaji wetu, wengi wetu hatujawahi kupanda ndege, lakini koroboi tumeiwasha. Mafuta ya ndege kubwa ni jamii moja na mafuta ya taa. Tofauti iko kwenye kodi.

Mwaka 2011 serikali yetu ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kuwabana waliokuwa wakichakachua dizeli. Mwenye koroboi naye akalipa zaidi. Ila mafuta ya ndege za kimataifa kwa kawaida hayatozwi kodi popote duniani. Msingi wake ni Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 na makubaliano ya nchi na nchi yaliyofuata.

Kwa nini tujali? Ndege hutoa karibu asilimia 2.5 ya hewa ya kaboni inayotokana na shughuli za binadamu. Hewa hiyo huongeza joto la dunia, na joto huvuruga mvua. Mvua ikinyesha wakati mikorosho imechanua, mkulima wa hapa ndiye anayepata hasara, si abiria aliye juu.

Ndiyo maana mwezi Juni 2025, kwenye mkutano wa Sevilla, Hispania, nchi nane zikiwemo Kenya, Somalia na Ufaransa zilitangaza kushirikiana kutoza tiketi za madaraja ya juu na ndege binafsi. Fedha hizo zisaidie nchi zinazoumizwa na tabianchi. Tanzania haikuwemo katika hizo nane.

Je, inawezekana? Ufaransa ilianza kutoza tiketi za ndege mwaka 2006, na sehemu ya fedha ikanunua dawa za UKIMWI, malaria na kifua kikuu kwa nchi maskini.

Wapo wenye hofu kwamba watalii watapungua Serengeti na Zanzibar. Hofu hiyo ina msingi kama kila tiketi itapandishwa. Ndiyo sababu pendekezo hili linamlenga anayekaa kiti cha kifahari, kinachochukua nafasi ya watu kadhaa.

Kwetu swali kubwa ni lingine: fedha zikikusanywa, zitafika shambani? Kodi isiyomfikia aliyeumia haijamlipa. Mbunge au diwani akija kijijini, tumuulize hilo.