Safari ya Kichupa cha Damu

Tuseme kichupa cha damu ya mgonjwa hupitia hatua 10 kabla ya jibu kumfikia daktari: kutolewa damu, kuandikwa jina, kupelekwa maabara, kupimwa, kunakiliwa daftarini, na kadhalika. Tuseme pia kwamba kila hatua hufanywa sawasawa mara 99 katika 100. Wengi wetu tungeisifu kazi hiyo. Lakini ikiwa kosa la hatua moja halitegemei la nyingine, mwanafunzi na azidishe 0.99 kumi kwa pamoja, atapata 0.904. Katika vichupa 1000, vipatavyo 96 vimekosewa mahali fulani, na nyuma ya kila kimoja yupo mtu anayengoja dawa.

Viwanda viliukabili ugonjwa huu kwa njia mbili, ambazo baadaye ziliingia hospitalini pia. Ya kwanza ilikuzwa Japani baada ya Vita Kuu ya Pili, katika kampuni ya Toyota, na mhandisi Taiichi Ohno. Yeye aliandama upotevu: mali iliyolala ghalani, mwendo wa bure, na kungoja. Vichupa 20 vikiletwa kwa mkupuo mmoja, na mashine ikapima kimoja kwa dakika 3, cha mwisho kitangoja dakika 57, hata kama mashine hiyo ilikaa bure tangu alfajiri.

Njia ya pili, Six Sigma, ilianzishwa mwaka 1986 na Bill Smith wa kampuni ya Motorola, Marekani. Hii hupima jinsi matokeo yanavyotawanyika kuuzunguka wastani, kisha hutafuta chanzo. Shabaha yake ni kasoro 3.4 tu katika nafasi milioni moja.

Kwa nini zichanganywe? Vichupa vikija kimoja kimoja bila akiba, kosa moja husimamisha mkondo mzima. Hivyo wepesi wahitaji usahihi. Tukipunguza hatua ziwe 6 tu, twapata 0.941. Tukiziacha 10 na kuinua usahihi hadi 0.999, twapata 0.990. Tukifanya yote mawili, twapata 0.994, yaani makosa 6 katika vichupa 1000.

Ugumu ni kuchagua hatua za kuondoa. Kulinganisha jina la mgonjwa na lile la kichupani huonekana kupoteza wakati, na mtu mwenye haraka angeifuta hatua hiyo kwanza. Kumbe ndiyo inayonasa makosa ya hatua zilizotangulia.