Miraa: Nasaha, Tabibu na Zawadi Viende Pamoja

Bismillahir Rahmanir Rahim. Shukrani zote zinamstahiki Mwenyezi Mungu, na sala na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Ama baad.

Swali tunaloulizwa mara nyingi na akina mama wa Iftin, hapa mjini Garissa, halihusu talaka wala mirathi. Linahusu miraa. Mume hutoka baada ya adhuhuri, shehena inapowasili kutoka Meru, akarudi usiku wa manane macho makavu. Alfajiri haamki kwa sala, asubuhi haamki kwa kazi, na fedha ya unga imeishia katika kitita. Ameapa mara tatu kuacha, na mara tatu amerudi barazani. Afanye nini mke huyu?

Juu ya hukumu ya miraa wanazuoni wamejadiliana kwa karne nyingi. Ibn Hajar al-Haytami wa Makka aliandika risala ya kuwatahadharisha Waumini nayo zaidi ya miaka 400 iliyopita. Upande wa serikali, Mei 2024 magavana wa Mombasa na Kilifi walipiga marufuku muguka, na Mahakama Kuu ya Embu ikasimamisha amri hizo. Nyumba yenye watoto haiwezi kungoja mijadala hiyo iishe. Tutazame, basi, upande wa tiba.

Ndani ya jani bichi la miraa mna kemikali iitwayo kathinoni, ambayo huuamsha ubongo na kuleta ule msisimko ambao watafunaji huuita stimu. Kokeini ni kali kuliko miraa na madhara yake ni makubwa zaidi, lakini zote mbili ni za ukoo wa vileo vya kuamsha. Nazo zinafanana kwa jambo moja zito: hakuna dawa mahsusi iliyoidhinishwa ya kumtoa mtu katika uraibu wake. Methadoni, ambayo imekuwa ikitolewa Malindi tangu 2015, ni ya waraibu wa heroini. Kwa miraa au kokeini haifai kitu.

Waliohangaika na kokeini wametuachia funzo. Huko Vermont, Marekani, Profesa Stephen Higgins na wenzake waliunganisha mambo matatu. La kwanza ni mazungumzo ya kila wiki na mnasihi, ambayo mke au jamaa wa karibu alishirikishwa. La pili ni dawa kwa maradhi yaliyoandamana na uraibu. Aliyekuwa akinywa pombe pia alipewa disulfiramu ili aiache. La tatu ni zawadi. Mgonjwa alipimwa mkojo mara tatu kwa wiki, na kila kipimo kisafi kilimpa hati yenye thamani. Ya kwanza ilikuwa dola 2.50, na kila kipimo safi kilichofuata kiliongeza dola 1.25. Akiteleza, hesabu ilirudi mwanzo; akisimama tena kwa vipimo vitano mfululizo, alirudishiwa daraja yake. Fedha taslimu hakupewa mkononi, bali alinunuliwa vitu vya manufaa.

Katika utafiti wao uliochapishwa 1994, wagonjwa 40 waligawanywa makundi mawili yaliyopata ushauri ule ule, ila kundi moja likaongezewa zawadi. Waliokamilisha wiki 24 za tiba walikuwa asilimia 75 katika kundi la zawadi, na asilimia 40 katika lile jingine. Wahenga walisema figa moja haliinjiki chungu.

Wako watakaouliza: je, kumlipa mtu ili aache maovu si rushwa? Rushwa hutolewa ili kupindua haki, na zawadi hii hutolewa ili kuisimamisha. Madrasa zetu humtunza mtoto aliyehitimu juzuu, na hakuna anayeiita rushwa. Katika mafungu manane ya zaka, Mwenyezi Mungu ameweka fungu la wenye kuunganishwa nyoyo. Hatutoi fatwa kwamba mtafunaji anaingia katika fungu hilo. Familia yake ikiwa na haja, fungu la maskini linawatosha, na mlango wa sadaka ni mpana. Twanasihi jambo moja tu: zawadi iwe ya kiwango kinachojulikana. Ziko kliniki zinazotumia bahati nasibu, na ingawa mgonjwa haweki mali yake, ni salama zaidi tujiepushe na shubha ya kamari.

Nyumbani, mlango wa kwanza ni mazungumzo, nayo yafanywe asubuhi ya siku ambayo mume amelala vizuri, kamwe yasifanywe akiwa na stimu. Mke aulize saa ipi ni ngumu zaidi kwake. Mara nyingi ni ile ya baada ya alasiri, marafiki wanapoita. Saa hiyo ipangiwe kazi nyingine: darsa msikitini, kuwatembeza watoto, au kazi ya mikono.

Kisha aonwe daktari katika hospitali ya kaunti. Asifichwe kukosa usingizi, huzuni nzito, vidonda vya tumbo, wala sauti anazozisikia peke yake. Hayo yana dawa zake. Vidonge vya usingizi visinunuliwe dukani kiholela, kwani wengi wameacha kitita wakanaswa na kidonge. Anayetaka ushauri kwa simu, nambari 1192 ya NACADA haina malipo.

Mwisho ni zawadi. Mume mwenyewe akubali masharti, maana kumpekua kwa siri ni tajassus, na Qur'ani imeikataza. Wakubaliane, kwa mfano, kwamba kila siku aliyokaa bila miraa, fedha ya kitita inawekwa mbele ya watoto katika kopo, na Ijumaa inanunua nyama, maziwa ya ngamia au viatu vya shule. Tuzo iwe ndogo, ya haraka na ya hakika. Akiteleza, tuzo ya siku hiyo isimame, lakini asitukanwe wala kutangazwa kwa majirani, na kesho kopo lifunguliwe upya.

Pombe yenyewe haikuharamishwa kwa siku moja. Mola wetu aliwalea Waumini hatua kwa hatua hadi nyoyo zao zikaweza kuiacha. Nasi tuwalee hivyo wanaume na vijana wetu. Jina la Iftin kwa Kisomali maana yake ni nuru. Twamuomba Mwenyezi Mungu azitie nuru nyumba zake, awape shifaa wagonjwa wetu, na awalipe subira yao akina mama. Amin.

Wabillahi tawfiq.