Mtoto wa Olmotonyi anapotaka kuwa mzamiaji

Mtoto wa Olmotonyi akisema jioni, chai ikiwa mezani, "Yeyo, nataka kuwa mzamiaji," mama yake ana haki ya kushtuka. Kwa Kiswahili cha mtaani mzamiaji ni yule anayekula pilau kwenye harusi ambayo hakualikwa, au kijana aliyejificha melini akielekea ng'ambo bila pasi. Na bahari yenyewe iko wapi? Kutoka miteremko hii ya Meru hadi Tanga ni zaidi ya kilomita 400. Jirani wa karibu ni Chuo cha Misitu, na kazi ambayo watoto wa hapo huiona kila siku ni ya miti, si ya maji.

Lakini kupiga mbizi kwa mtungi wa hewa ni kazi halali, na Zanzibar na Mafia wapo vijana wanaoishi kwayo kwa kuwaongoza watalii kwenye matumbawe. Ina madaraja kama shule. Mzazi asiyeyajua anaweza kuuziwa daraja la tatu wakati mtoto hajaliweza la kwanza.

Mwanzo wenyewe hauna mtungi. Ni kuogelea. Katika mfumo wa PADI, unaojulikana sana duniani, mwanafunzi wa cheti cha kwanza lazima aogelee mita 200 bila kusimama, hata kama ni taratibu, kisha aelee dakika 10. Kwenye bwawa la mita 25 hiyo ni kulikata mara nane. Kazi hiyo inafanyika Arusha mjini, kwenye bwawa la hoteli au la shule, kabla ya kukata tiketi ya kwenda pwani. Mtoto akibadili mawazo mwezi ujao, kama watoto walivyo, kuogelea atabaki nako.

Kinachofuata ni afya. Kabla ya kozi hujazwa fomu yenye maswali kuhusu pumu, kifafa, moyo, masikio na upasuaji. Akijibu ndiyo penye swali la hatari, daktari ampime na kusaini kwanza. Wapo wazazi wanaoficha pumu ya mtoto kwa kuogopa atakataliwa. Kwenye maji hilo si la kufanyia mzaha.

Sababu inaeleweka kwa pakiti ya krispi. Ikifungwa Tanga, ikifika Ngaramtoni imetuna, kwa kuwa huku juu hewa ya nje inaibana kidogo. Mapafu nayo ni hivyo hivyo, ila majini mabadiliko ni makali zaidi: mita 10 tu chini ya maji shinikizo ni mara mbili ya lile la juu. Anayevuta hewa ya mtungi kwenye kina hicho, akaibana na kupanda, hewa ile inataka kuwa mara mbili kifuani. Ndiyo maana sheria ya kwanza ya mzamiaji ni kutobana pumzi, na ya pili ni kupanda polepole. Mtoto aliyezoea kushindana na wenzake nani atakaa chini ya maji muda mrefu inabidi aisahau tabia hiyo.

Cheti cha kwanza kinaruhusiwa kuanzia miaka 10, lakini mwenye miaka 10 au 11 haendi zaidi ya mita 12, tena akiwa na mzazi wake aliye na cheti au mkufunzi. Anayetimiza miaka 15 anaweza kupata cheti kamili, cha kufika mita 18. Kozi ina masomo ya nadharia, mazoezi ya maji tulivu na mizamo minne baharini isiyoweza kufanywa yote kwa siku moja. Anayeahidi kumaliza kila kitu Jumamosi moja, mshukuru uondoke.

Baada ya hapo kuna kozi ya juu, inayofikisha mita 30, halafu kozi ya uokoaji, ambayo pengine ndiyo yenye thamani kuliko zote. Humo kijana anajifunza kumtuliza mwenzake aliyepagawa, kumvuta hadi kwenye boti na kumpa huduma ya kwanza. Hadi hapo bado ni mzamiaji wa kujifurahisha.

Kazi inaanzia kwa kiongozi wa wazamiaji. Lazima awe na miaka 18, cheti cha daktari cha ndani ya miezi 12, na mizamo 40 iliyoandikwa kwenye daftari lake kabla ya kuanza. Hapewi cheti hadi ifike 60. Ukufunzi ni mbali zaidi: mizamo 100, na mtihani unaosimamiwa na mtu kutoka nje ya kituo alichosomea. Mizamo hiyo ndiyo inayokula fedha, kwa kuwa kila mmoja una boti, mtungi na vifaa vya kukodi. Kwa hiyo ukiambiwa bei, uliza kama kitabu, cheti, vifaa na boti vimo ndani. Na kijana akiahidiwa mafunzo kwa kubadilishana na kazi, ni vizuri makubaliano yawe kwenye karatasi: atabeba mitungi kwa miezi mingapi, na mwisho atapewa cheti gani?

Kiingereza atakihitaji, maana kazi ni ya kuzungumza na wageni kama ilivyo ya kuzama. Cheti cha utalii pia hakimfanyi fundi wa kuchomea vyuma chini ya maji. Hiyo ni fani nyingine yenye mafunzo yake. Njia ya uokoaji nayo ipo. Ndege ya Precision Air ilipoangukia Ziwa Victoria karibu na Bukoba, Novemba 6, 2022, wavuvi walikuwa wa mwanzo kuifikia. Kijana mmoja wao, Majaliwa Jackson, baadaye akapelekwa mafunzo ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Kwa familia ya mlimani kuna jambo moja zaidi ambalo mzazi wa Tanga hana haja ya kulifikiria: kurudi nyumbani. Anayezama huingiza naitrojeni mwilini, nayo hutoka taratibu. Akipanda juu haraka inatoka kama povu la soda iliyofunguliwa ghafla, na povu hilo likiwa kwenye viungo au mishipa ya fahamu linaweza kulemaza. Shirika la DAN, linaloshughulikia usalama wa wazamiaji, linashauri kusubiri angalau saa 12 kabla ya kupanda ndege baada ya mzamo mmoja, na 18 baada ya mizamo ya siku kadhaa. Arusha mjini ni karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Olmotonyi iko juu zaidi, hivyo hata basi ni kupanda.

Piga hesabu. Kijana akitoka majini Nungwi saa kumi jioni, ndege ya saa mbili asubuhi kwenda Arusha inamkuta na saa 16 tu. Tiketi hiyo ikatwe ya mchana, au bora ya kesho yake, na asubuhi anayobaki Unguja aitumie kwenda sokoni Darajani kumnunulia yeyo karafuu.