Mafuta ya Tumboni na Magonjwa ya Moyo

Watu wengi huhesabu kitambi kuwa dalili ya neema. Yafaa wanachama wafahamu kwamba mafuta ya tumboni si akiba iliyolala tu kama magunia ghalani, bali hutoa homoni zinazofika hadi kwenye moyo.

Zamani wataalamu wengi waliamini kuwa kazi ya mafuta mwilini ni kuhifadhi nguvu na kukinga baridi tu. Mwaka 1994 Jeffrey Friedman na wenzake, katika Chuo Kikuu cha Rockefeller mjini New York, walitangaza kugunduliwa kwa leptini, homoni itokayo katika mafuta yenyewe. Leptini husafiri kwa njia ya damu na kuuarifu ubongo kiasi cha akiba iliyopo, ili njaa ipungue. Kwa mtu aliyenenepa mno leptini huwa nyingi, lakini ubongo huwa hauitii tena.

Homoni nyingine ni adiponektini. Hii huisaidia insulini kupunguza sukari katika damu, na huzilinda kuta za mishipa. Mafuta ya tumboni yakizidi, adiponektini hupungua, na badala yake hutoka kemikali zinazoudhi kuta hizo polepole, bila maumivu. Lehemu hujipenyeza katika kuta zilizodhurika, mishipa ya moyo ikawa myembamba, na hatimaye moyo ukakosa damu.

Mafuta ya mapajani na makalioni hayana madhara makubwa kama yale yanayozunguka matumbo na ini. Kwa hiyo mizani peke yake haitoshi. Achukuliwe utepe wa fundi cherehani, kiuno kipimwe: kisifike nusu ya urefu wa mtu. Mwenye urefu wa sentimita 170, kiuno chake kiwe chini ya sentimita 85.

Katibu akaaye kitini kutwa hana budi kujihadhari zaidi kuliko mkulima alimaye. Atembee kwa haraka nusu saa kwa siku, siku 5 kwa juma, apunguze sukari, soda na vyakula vya kukaanga, aache tumbaku. Hata kupungua kidogo huleta nafuu. Aliyezidi kipimo aende zahanati apimwe shinikizo la damu na sukari, asingoje maumivu ya kifua.

Makatibu wanaombwa kuyasoma maelezo haya mbele ya wanachama katika mkutano ujao, na kuwa na utepe wa kupimia mkononi.