Sura ya 6: Nani Mwajiri Mbele ya Serikali?

Kuanzia Mtwara mjini hadi Mahurunga, kule Ruvuma inakokaribia bahari, hakuna swali ninaloulizwa mara nyingi kuliko hili: "Mwalimu, ile hela ya serikali ya kutulipia wafanyakazi inatoka lini?" Anayeuliza si mjinga wala si tapeli. Ni fundi seremala mwenye vijana watatu, au mwenye mashine ya kukoboa mpunga, au mama anayeuza pembejeo. Amesikia kwamba mtu akiajiri vijana serikali humrudishia sehemu ya mshahara, naye anataka kujua fomu iko wapi.

Haitoki, kwa sababu haipo kwa namna anayoifikiria.

Najua wazo hili limetoka wapi. Mkoa huu umeijua ruzuku kupitia salfa. Mwaka 2017 serikali iligawa salfa ya mikorosho bure, na miaka ya karibuni pembejeo za ruzuku zimekuwa zikimfikia mkulima kwa kujiandikisha: jina likiwemo kwenye orodha, mfuko unakuja. Mtu aliyezoea utaratibu huo hana sababu ya kudhani kwamba mshahara utakwenda kwa njia nyingine. Kisha ikaja korona. Kuanzia Machi 2020 hadi Septemba 2021 Uingereza ilikuwa na mpango wa kulipa hadi asilimia 80 ya mshahara wa mfanyakazi aliyesimamishwa kwa muda, kwa ukomo wa pauni 2,500 kwa mwezi, na habari hizo zikafika kwenye simu zetu zikiwa zimekatwa kichwa na miguu. Tanzania haikuwa na mpango wa namna hiyo.

Nafasi iliyobaki kati ya tumaini na ukweli imejaa wajanja. Wapo wanaotuma ujumbe wa simu wakitaka namba ya NIDA na "ada ya usajili wa mwajiri". Wapo madalali wa fomu wanaojiita washauri. Na wapo, sitanii, watu wanaopeleka barua za maombi kwa mganga zisomewe kabla ya kupelekwa halmashauri. Mganga angalau anakula hela ya mtu mmoja mmoja. Yule wa ujumbe wa simu anavuna kijiji kizima kwa asubuhi moja. Ukiombwa kulipia nafasi ya kupewa hela, umeshapata jibu lako.

Serikali husaidia ajira kwa njia tatu hasa: humlipia anayejifunza kazi, humpunguzia au humsamehe mwajiri tozo, na huilipa kaya maskini kwa kazi ya muda. Nitazipitia kwa zamu.

Tuanze na anayejifunza. Chini ya programu ya taifa ya kukuza ujuzi, inayosimamiwa na ofisi inayoshughulikia kazi na ajira, kuna uanagenzi na kuna utarajali. Mwanagenzi hulipiwa mafunzo, akigawa muda wake kati ya chuo na karakana. Mtarajali ni mhitimu anayepelekwa mahali pa kazi kupata uzoefu, na Wakala wa Huduma za Ajira, TaESA, ndio huwaunganisha wahitimu na waajiri. Msaada humfuata kijana. Mwajiri anapata mikono miwili na akili moja, na anatakiwa kutoa msimamizi, kazi ya kweli na muda wa kufundisha. Anayemchukua mtarajali ili amtume chai hajafaulu sharti la kwanza.

Lakini kabla ya sharti hilo kuna jingine ambalo halisemwi sana: lazima uonekane. Mbele ya serikali mwajiri ni mtu mwenye namba ya mlipakodi, leseni ya biashara, usajili NSSF na usajili katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Sasa tazama kazi zilivyo pwani hii. Mwenye chombo cha uvuvi na wavuvi wake hutoa kwanza gharama za mafuta na barafu, kisha hugawana kilichobaki. Siku bahari ikikataa wote hugawana sifuri. Hapo hakuna mshahara wa kuufidia. Mwenye shamba la mpunga huwapa watu ngwe, na ngwe ikiisha hulipa na kila mtu hushika njia yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 yenyewe humweka kando, katika baadhi ya masharti yake, mtu anayemfanyia mwajiri mmoja kazi kwa siku chini ya sita katika mwezi. Na kibarua akiwa amevuka Ruvuma kutoka Msumbiji, hilo ni suala la vibali kabla halijawa suala la ruzuku. Kwa hiyo kijiji kinaweza kuwa na kazi mwaka mzima na kisiwe na waajiri watano wanaoweza kujaza fomu.

Njia ya pili ni tozo, na hapa naomba uvumilivu wa msomaji.

Tozo ya kuendeleza ujuzi, ile wahasibu wanayoiita SDL, hulipwa na mwajiri juu ya jumla ya mishahara. Zamani kiwango kilikuwa asilimia 6. Kimeteremshwa hatua kwa hatua, na tangu Julai 2023 kikawa asilimia 3.5. Mwaka 2021 kulitokea jambo kubwa zaidi kwa wadogo: kizingiti kilipandishwa kutoka wafanyakazi wanne hadi kumi. Mwenye watu tisa hadaiwi kitu. Huo ni msaada wa ajira, ingawa haupigiwi ngoma, na mnufaika hahitaji kuomba.

Ila una mtego. Chukua mwenye watu tisa, kila mmoja analipwa shilingi 200,000. Mishahara ni 1,800,000 na tozo ni sifuri. Akimwongeza wa kumi, tozo haihesabiwi juu ya huyo mmoja, inahesabiwa juu ya wote: asilimia 3.5 ya 2,000,000 ni 70,000 kila mwezi. Mfanyakazi wa kumi anamgharimu 270,000 huku akipokea mshahara uleule wa wenzake. Sishangai kukuta biashara nyingi zimeganda kwenye watu tisa, au mwenye watu kumi na wawili akiapa kwamba watatu ni shemeji zake waliokuja kusalimia.

Sasa korosho. Sheria humsamehe mwajiri wa shambani tozo hiyo kwa wafanyakazi wanaolima moja kwa moja, lakini haiwahesabu humo walio kwenye uongozi wa shamba wala wanaosindika mazao. Ifuate korosho yenyewe. Anayefyeka chini ya mkorosho, anayepuliza salfa na anayeokota wako ndani ya msamaha. Anayebangua, anayemenya ganda la ndani na anayepanga madaraja wako nje. Mtu huyohuyo akiokota Oktoba na kubangua Januari kwa tajiri mmoja amevuka mpaka wa kodi bila kutoka uani. Nimewasikia wenye vikundi vya ubanguaji wakisema kwamba "kilimo kimesamehewa", na wanakosea.

Katika mkoa huu jambo hilo si dogo. Viwanda vikubwa vya korosho vilijengwa miaka ya 1970, vingi vikasimama katika muongo uliofuata, vingine vikageuka maghala. Tangu hapo kila awamu imeahidi kurudisha ubanguaji, kwa kuwa ajira ziko huko. Mti unahitaji watu kwa msimu, ubanguaji unawahitaji kila siku. Na ni hatua hiyohiyo ambayo tozo inaikamata. Kama ningepewa kifungu kimoja cha Sheria ya Fedha nikichezee, ningekwenda hapo, wala nisingeunda fomu mpya.

Nimekaa kwenye korosho kuliko nilivyopanga, basi njia ya tatu niipitie haraka. Ajira za muda za TASAF si ruzuku kwa mwajiri kabisa. Jamii huibua mradi, barabara au lambo au upandaji miti, na ujira huenda kwa kaya iliyoandikishwa kwenye Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, hadi siku 60 kwa mwaka; katika awamu ya kwanza ilikuwa shilingi 2,300 kwa siku. Mwenye duka hawezi kuomba watu wa TASAF wampangie magunia. Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri nayo, ile ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, haina riba lakini ni mikopo. Hurudishwa.

Wapo wanaosema tuige majirani. Kenya, tangu 2015, humruhusu mwajiri kutoa kwenye hesabu ya faida nusu ya ziada ya malipo ya wahitimu anaowafundisha kazi, lakini wawe angalau kumi, kwa miezi 6 hadi 12. Kwanza uwe na faida inayotozwa kodi, kisha uwe na nafasi ya wahitimu kumi. Seremala wa Mahurunga hana.

Wengine wanataka kijana apewe hati ya kumwonyesha mwajiri, kwamba ukinichukua serikali itakurudishia sehemu. Hilo lilijaribiwa Dayton, Ohio, mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mchumi Gary Burtless akaandika matokeo yake mwaka 1985. Watafuta kazi waligawanywa kwa kura, wengine wakapewa hati, wengine hawakupewa. Waliokuwa na hati walipata kazi karibu 13 kwa kila 100. Wasio na hati, zaidi ya 20. Maelezo yake ni kwamba huenda waajiri waliiona hati wakajiuliza mtu huyu ana kasoro gani hata serikali imlipie. Kwa hiyo ninapowaandaa wahitimu kwa utarajali huwaambia wataje kwanza wanachoweza kufanya, watengeneze hesabu za mashine ya mpunga kwa wiki moja mbele ya mwenyewe, na habari za posho waziache hadi atakapouliza nani atawalipa.