Mtoto Akichelewa Kusema, Mtazame na Mikono

Mtoto wa miaka mitano anawekewa ubao wenye matundu. Kazi yake ni kuhamisha vijiti kutoka safu moja hadi nyingine, kimoja kimoja, mtafiti akihesabu sekunde. Hapo hatakiwi kutamka neno lolote. Hata hivyo, watoto wenye hitilafu ya ukuaji wa lugha, kwa wastani, huachwa nyuma na wenzao. Mwaka 2001 mwanasaikolojia Elisabeth Hill alipitia tafiti za namna hii na kuonyesha kwamba wengi wao hupata shida pia katika kazi za mikono na mwendo.

Hitilafu hii si adimu. Utafiti uliofanyika Surrey, Uingereza, na kuchapishwa mwaka 2016, uliwakuta takriban watoto wawili katika kila darasa la watoto 30. Sisi huwa tunasema "ana ulimi mzito" na mazungumzo yanaishia hapo, kumbe ulimi mara nyingi hauna kosa lolote.

Kwa nini basi mikono? Michael Ullman na Elizabeth Pierpont walitoa jibu mwaka 2005: sarufi na miondoko tunayoifanya bila kuwaza, kama kufunga kamba za viatu, hutegemea mfumo mmoja wa kujifunza, wenye mizizi katika viini vilivyo ndani kabisa ya ubongo. Mfumo huo ukilegea, vyote viwili huyumba. Nadharia inavutia, ila mimi siimezi nzima. Wapo watoto wanaokwama kwenye sentensi lakini uwanjani wanapiga chenga kama kawaida.

Upande wa fikra ushahidi una nguvu zaidi. Mwambie mtoto arudie neno la kubuni: "loke". Anaweza. Sasa mpe "bitafuloke". Susan Gathercole na Alan Baddeley walionyesha mwaka 1990 kwamba watoto hawa hukwama kadiri silabi zinavyoongezeka, kwa sababu sauti haziwakai kichwani muda wa kutosha. Ndiyo maana ukimwagiza, "Nenda chumbani, chukua kikombe cha bluu, kisha mpelekee bibi," huenda akafika chumbani akasimama tu. Wengi wamechapwa kwa hilo, wakidhaniwa wakaidi.

Wala tusiisingizie lugha ya nyumbani. Kukua na Kisukuma na Kiswahili kwa pamoja hakuleti hitilafu hii. Aliye nayo hutatizika katika lugha zake zote.

Mzazi, anza na kipimo cha masikio. Kisha mtafute mtaalamu wa tiba ya lugha, na umweleze pia kama mtoto hushindwa kufunga vifungo au kushika penseli. Nawe mwalimu, toa agizo moja, lisubiri litimizwe, ndipo utoe la pili.