Mnasa Sauti Asiachwe Nyumbani

Tangu filamu iingizwe katika tamasha za kitaifa za drama, walimu wengi wamejikuta wakibebeshwa kazi ambayo hawakuisomea chuoni, tena kwa mfuko mwembamba. Mwalimu wa Siakago akishakodi gari na kuwalisha watu kwa siku tatu, salio huwa halina maana. Hapo huanza kupunguza watu, na wa kwanza kuachwa aghalabu ni mnasa sauti. Kwa maoni yangu, huyo ndiye angepaswa kuwa wa mwisho.

Mtazamaji huvumilia picha yenye giza kidogo. Maneno yasiyosikika hayavumilii. Na Siakago, wasomaji wapenzi, si studio. Kuna upepo wa nchi kavu ya Mbeere, mapaa ya mabati yanayolia yakipata jua, pikipiki zisizokoma, na magari ya muguka yanayokimbiza mzigo usije ukanyauka. Maikrofoni iliyomo ndani ya kamera au simu huyapokea yote hayo kwa usawa, maadamu haijui lipi ni neno na lipi ni kelele.

Kwa mwanaisimu pana jambo zito zaidi. Kimbeere, sawa na Kiembu na Kikuyu, ni lugha ya toni: kupanda na kushuka kwa sauti kunaweza kubadili maana, jambo lisilokuwamo katika Kiswahili sanifu. Rekodi iliyofunikwa na upepo humwacha mfasiri akibahatisha. Mzee akisimulia jambo leo hatalirudia vile vile kesho, na yamkini filamu hiyo ya wanafunzi ikawa ndiyo kumbukumbu pekee ya usemi wake.

Kufanya kazi na watu wachache si aibu. Mnamo 1973 na 1974, David na Judith MacDougall walirekodi filamu zao za Waturkana wakiwa mume na mke: mmoja kwenye kamera, mwingine kwenye sauti. Mazungumzo ya wenyeji yaliachwa katika Kiturkana, na tafsiri ikaandikwa chini ya picha. Karibu nasi zaidi, Maia Lekow na Christopher King, nao mume na mke, walitengeneza "The Letter" (2019), kuhusu wazee wa pwani wanaosingiziwa uchawi. Ndiyo filamu iliyochaguliwa kuiwakilisha Kenya katika kinyang'anyiro cha tuzo za Oscar.

Mimi ningechukua watu watano, wanaoenea katika gari moja dogo: mwelekezi, mpigapicha, mnasa sauti, karani wa kuandika kila kilichorekodiwa, na mwenyeji anayeimudu lugha. Huyu wa mwisho huomba ruhusa ya kuingia katika boma za watu, kisha baadaye huandika tafsiri. Taa hazihitajiki, jua la asubuhi na la alasiri latosha, pamoja na shuka jeupe la kulirudisha usoni. Mwelekezi aweza kushika kamera ikibidi. Lakini kamera na sauti zisipewe mtu mmoja, kwa sababu anayetazama kwa makini husahau kusikiliza. Karani naye ashughulikie kibali mapema, kwani Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, haikusema kwamba kundi dogo halihusiki.

Mnasa sauti huyo achaguliwe vipi? Si kwa sababu ana simu ya bei. Waketisheni wanafunzi chini ya mti, wafumbe macho kwa dakika mbili, kisha kila mmoja aorodheshe alichosikia. Mwenye orodha ndefu mpeni kazi. Mara nyingi huwa ni yule mkimya wa nyuma ya darasa. Apewe visikizi vya masikioni, na pia mamlaka ya kusimamisha kazi pikipiki ipitapo, hata kama mwelekezi ni mwalimu wake. Kama hakuna kinasa sauti, simu ya pili ifichwe kifuani mwa mwigizaji, na makofi yapigwe mara moja mbele ya kamera ili sauti na picha zilinganishwe baadaye.

Kabla ya kuondoka kila mahali, wote wanyamaze kwa dakika moja huku yeye akirekodi ukimya wa pale. Mhariri atauhitaji kuziba mianya kati ya maneno.